Sakafu ya Kutandika Mfarishi

Hotuba kwa wakazi na kamati ya ukumbi wa mtaa, Eastlands, Nairobi

Mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, wazee wetu, akina mama, akina baba, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni, hamjambo. Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kusikiliza habari za sindano.

Nimepewa nafasi hii nieleze kazi ninayoifanya nyumbani. Nashona mifarishi. Kwa yule ambaye hajauona, mfarishi ni blanketi lenye tabaka tatu. Juu kuna uso ulioungwa kwa vipande vya nguo, katikati kuna pamba au blanketi jembamba, na chini kuna bitana. Tabaka hizo hushikwa pamoja kwa mishono inayopenya toka juu hadi chini, kisha pembeni huzungushiwa ukanda wa kitambaa. Nimeuleta mmoja, uko pale mezani. Tukimaliza mje muushike, muupime uzito, mpitishe vidole kwenye mishono, kwa sababu mfarishi haujuliki kwa macho peke yake.

Nina ombi kwa kamati. Sitalitoa sasa. Nataka kwanza mwijue kazi, na mwijue nyumba inamofanyikia, maana ombi lenyewe linatoka humo.

Nianze na baridi. Watu wa mbali hudhani kwamba kwa kuwa tuko karibu na ikweta, Nairobi hakuna haja ya blanketi zito. Sisi tunaolala hapa tunaijua Julai. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti wingu hutanda asubuhi hadi jioni, nguo hazikauki kwenye kamba, na nyumba zetu za mawe zenye sakafu ya saruji hushika ubaridi usiku kucha. Mtoto anayelala karibu na ukuta huamka na miguu kama barafu. Kwa hiyo msidhani nashona mapambo. Ninaposhona, namfikiria mtu fulani atakayelala chini ya kazi hii Julai ijayo, na ndiyo sababu hata rangi nazichagua baada ya kuuliza kitanda kina upana gani.

Sasa hivi kazi tatu ziko mkononi.

Ya kwanza ndiyo inayonikaa moyoni kuliko zote. Mwenzetu mmoja wa chama alifiwa na mama yake huko Mombasa, na baada ya arobaini akarudi Nairobi na kikapu cha leso za marehemu. Nyingine zilikuwa bado na mng'ao wa rangi kama zimetoka dukani. Nyingine zilikuwa zimefuliwa hadi ukiziinua dirishani unaona mwanga upande wa pili. Akaniambia, "Dada, hatuwezi kuzivaa na hatuwezi kuzitoa. Tufanye nini?" Nikamwambia tutazilalia.

Mnajua leso ina sehemu zake. Kuna pindo linalozunguka, kuna mji pale katikati, na kuna jina, yale maneno yaliyoandikwa. Kabla sijagusa mkasi nilizitandika zote kitandani na tukazisoma pamoja, mimi na huyo mwenzangu. Kulikuwa na "Wema hauozi". Kulikuwa na "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu". Kila aliposoma moja alikumbuka siku mama yake alipoivaa: hii aliivaa harusi ya kaka, hii alijifunga akitoka hospitali, hii ndiyo aliyombebea mjukuu wa kwanza. Nilijua hapo hapo kwamba majina hayakatwi. Mji nitaukata vipande, pindo nitalikata vipande, lakini kila jina litabaki zima, neno la kwanza hadi la mwisho, liwe mstari unaopita kwenye mfarishi toka upande mmoja hadi mwingine. Na maneno yote nimeyaelekeza kwa aliyelala. Mtu akisimama miguuni pa kitanda atayaona yamepinduka, lakini aliye chini ya mfarishi atayasoma sawasawa. Wapo watakaosema ingependeza zaidi yakimwelekea mgeni anayeingia chumbani. Mimi nasema mama hakumwachia mgeni maneno hayo.

Kazi ya leso kuukuu ni ngumu. Pamba yake ni nyembamba, na ile iliyofuliwa miaka mingi huchanika ukiivuta. Huwezi kuiunga peke yake ukatumaini itadumu. Kwa hiyo kila kipande nakishonea kwanza juu ya kitambaa cha merikani kilichofuliwa, ili uzito ubebwe na merikani na leso ibaki kuwa sura. Natumia sindano nyembamba, namba 11, na mshono mfupi. Inaenda polepole, na haifai kuharakishwa.

Wakati mwingine watu huniuliza, kukata leso za marehemu si kuziharibu? Nawajibu kwa historia ya leso yenyewe. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani yetu na Unguja walikuwa wakinunua vitambaa vya kichwa vilivyochapwa, vilivyokuja vikiwa vimeungana kwenye jora. Walikata sita, wakazigawa tatu tatu, kisha wakaziunga ubavu kwa ubavu zikawa nguo moja pana ya kujifunga. Wenye maduka walipoona jinsi zilivyopendeza, wakaanza kuagiza nguo nzima iliyochapwa kwa muundo huo. Maneno yalikuja baadaye, na mfanyabiashara wa Mombasa anayetajwa sana kwa hilo ni Kaderdina Hajee Essak, ambaye leso zake mpaka leo huandikwa "Mali ya Abdulla". Kwa hiyo mkasi na sindano vilikuwepo tangu mwanzo. Leso ilizaliwa kwa mwanamke kukata na kuunga.

Wala si sisi wa kwanza kulalia nguo za tuliowapenda. Katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama kule Marekani, wanawake weusi, wajukuu na vitukuu vya watu waliokuwa watumwa kwenye shamba la pamba, walishona mifarishi kwa nguo zilizochakaa kazini kwa sababu hawakuwa na nyingine. Mmoja wao, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe, na mwaka 1942 akachukua nguo za kazi za marehemu, suruali na mashati yenye alama za magoti na jasho, akazifanya mfarishi ili ajifunike kwa mapenzi yake. Binti yake alimsaidia. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho ilitundikwa kwenye jumba la makumbusho Houston, kisha New York, watu wakapanga foleni kuitazama. Mwaka 2006 ikachapwa kwenye stempu za posta za Marekani. Nafurahi waliheshimiwa. Lakini ninapoukumbuka mfarishi wa Missouri, naukumbuka kitandani, kabla ya makumbusho, usiku wake wa kwanza.

Kazi ya pili ni ya nyumbani kwangu. Kifungua mimba wangu alikuwa katika darasa la mwisho kabisa kufanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka 2023. Mtihani ule umekwisha, hautafanywa tena na mtoto yeyote, na mimi sikuwa tayari kugawa sare zake. Kuna mashati, kuna kaptula, kuna tai, kuna fulana ya michezo yenye namba mgongoni. Nguo za sare nyingi zina mchanganyiko wa poliesta, na hapo mshonaji anapaswa kuwa macho. Pasi ya moto inayofaa pamba itaichoma poliesta ikang'aa na alama hiyo haitoki. Napiga pasi ya vuguvugu, naweka kitambaa cha pamba katikati, na kila mara napiga upande wa ndani. Sindano hapa ni namba 16, kwa sababu kitambaa cha kaptula ni kigumu, na mahali mishono minne inapokutana sindano nyembamba huvunjika. Sweta nimeiacha. Kitambaa kilichofumwa kwa uzi wa sufu huvutika ovyo, na ukikikata hufumuka. Nembo pekee ndiyo nitakayoishonea katikati.

Mdogo wake ameniuliza mbona yeye hana wa kwake. Nimemwambia sare zake bado anazivaa.

Ya tatu ni ya kuuza, na ndiyo inayolipa uzi wa hizo nyingine. Ni ya kitenge, mtindo wa miraba tisa. Nawaeleza hesabu yake kwa sababu kuna vijana hapa, na hesabu ndiyo iliyonivutia mimi kwenye kazi hii. Kitanda ni kile chetu cha kawaida, futi nne kwa sita. Ukitaka mfarishi uning'inie futi moja kila ubavu na futi moja miguuni, unahitaji futi sita kwa saba. Inchi 72 kwa 84. Ukitumia mafungu, yaani miraba mikubwa, ya inchi 12 kila upande, utakuwa na sita kwa upana na saba kwa urefu, jumla 42. Kila fungu lina miraba midogo tisa, tatu kwa tatu, kwa hiyo uso mzima una miraba 378. Mraba uliokwisha kushonwa ni inchi nne, lakini unaukata inchi nne na nusu, maana kila upande hula robo inchi ya mshono.

Na hiyo robo inchi ndiyo roho ya kazi. Tuseme mshono wako umezidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, kitu ambacho jicho halikioni. Mshono mmoja unakula kutoka vipande viwili, hivyo umepoteza sehemu moja ya nane. Ndani ya fungu kuna mishono miwili kwa upana, umepoteza robo. Mafungu sita yakikaa pamoja, umepoteza inchi moja na nusu, hata kabla ya kuhesabu mishono inayoyaunga mafungu yenyewe, na ubavu wa mfarishi wako hautakutana na ukanda ulioukata. Hakuna fundi anayeweza kuificha. Ndiyo maana nimebandika kipande cha utepe mgumu kwenye bamba la cherehani, robo inchi kamili kutoka kwenye sindano, na kitambaa kinatembea kikigusa utepe huo. Nawasihi mnaoanza: pimeni kwanza hapo, kabla hata ya kuchagua rangi.

Vitambaa navitoa wapi? Kitenge kipya nakwenda Eastleigh, au Biashara Street pale mjini, mtaa ambao zamani uliitwa Bazaar na ambao wauzaji wa nguo wameukalia tangu Nairobi iko changa. Vipande vidogo navipata kwa mafundi wa soko la Uhuru, wale wanaoshona sare na nguo za jumla. Mwisho wa siku sakafu yao imejaa mabaki ambayo yangechomwa. Lakini pamba nzuri kuliko zote, na sisemi hivi kwa ajili ya bei, naipata Gikomba, kwenye soko la mitumba. Shati la mwanamume la pamba tupu, lililofuliwa mara mia na mtu asiyejulikana huko Ulaya, limekwisha kusinyaa, limekwisha kutoa rangi ya kutoa, na ni laini kwenye shavu la mtoto. Mgongo wake pekee unatoa kipande kikubwa. Sihitaji nguo za kamera, zile za kwanza kutoka kwenye robota. Shati lenye kola iliyoliwa, ambalo muuzaji amelishusha hadi fagia, kwangu ni zima.

Ikiwa lebo imekatwa na hujui kama nguo ni pamba, chomoa nyuzi mbili tatu pindoni, uziwashe kwa kiberiti nje ya nyumba, mbali na watoto. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta huyeyuka na kujikunja ikawa kidonge kigumu. Muuzaji wa Gikomba akikuona unachomoa uzi na kuunusa hatakukasirikia. Atajua unaelewa unachonunua, na mara nyingi ndipo atakapoinama achomoe kitu kizuri kutoka chini ya rundo.

Kila kitambaa hufuliwa kabla ya kukatwa. Kitenge kipya kina wanga na husinyaa, na kile chekundu au cha buluu nzito hutoa rangi. Lowesha pembe, isugue kwenye kitambaa cheupe. Ikiacha alama, rudi kwenye beseni, hadi maji yatoke meupe. Akina mama wa mtaa huu mnajua neno "hadi maji yatoke meupe" lina uzito gani. Maji kwetu ni ya mgao. Siku yakifunguliwa, kwanza mitungi ya kupikia, pili nguo za shule, na vitambaa vyangu vinakuja mwisho. Maji yaliyosuuza kitenge hayamwagwi, yanapiga deki, yanakwenda chooni. Nimepanga kazi kwa ratiba ya mfereji: siku ya maji nafua, siku isiyo na maji nakata na kuunga.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana mara nyingi naulizwa, "Mama, wewe unapata wapi muda?"

Siku yangu inafanana na yenu. Kabla ya saa kumi na moja alfajiri jiko limewaka, chai iko motoni, sare zimepigwa pasi, gari la shule linapiga honi pale chini na kuna kiatu kimoja hakionekani. Baba watoto anaondoka kukimbiza matatu kabla msongamano wa Jogoo Road haujakaza. Halafu kuna vyombo, kuna deki, kuna soko, kuna mgonjwa wa kutembelea, kuna mama mkwe anayepiga simu. Hakuna saa nne mfululizo zilizo tupu mahali popote. Mwenye kuzisubiri hatashona.

Lakini uzuri wa kazi ya vipande ni kwamba imekatika tayari. Mtu anayeshona suti akiinuka katikati ya bega, anarudi kulitafuta bega. Mimi nikiinuka kugeuza sukuma wiki, nimeacha mraba mmoja mzima na mwingine unaosubiri. Nimeigawa kazi kwa kadiri ya nafasi. Maharagwe yakiwa motoni nakata, kwa sababu nimesimama jikoni hata hivyo. Watoto wakifanya kazi ya shule mezani nakaa nao nikipanga rangi, na mara nyingi kitindamimba ndiye anayeamua kipi kikae karibu na kipi, na ana jicho zuri kweli. Cherehani naipa ile saa moja baada ya adhuhuri nyumba ikiwa kimya, maana inataka akili yote. Na sindano ya mkono ni ya jioni, nikisikiliza habari, miguu imepumzika.

Stima ikipotea, sikomi. Cherehani yangu ni ya miguu. Wengi wameziuza kama chuma chakavu, na inaniuma kuona. Kanyagio, gurudumu na mkanda wa ngozi, basi. Ilivyoshona mchana ndivyo itakavyoshona gizani ukiwa na taa ya sola. Haina mishono ya maua, lakini mshono wake ulionyooka hauna mpinzani, na mfarishi hautaki kingine.

Sasa naomba akina baba mnisikilize, na wanangu wakubwa pia. Kazi kugawanyika vizuri hakumaanishi kwamba haina uzito. Nyumba inapaswa kuijua kuwa ni kazi. Kwetu tulikubaliana mambo matatu, na tuliyakubali sote tukiwa mezani. Mkasi wa vitambaa haukati karatasi wala plastiki, hata mara moja. Cherehani ina mahali pake karibu na dirisha, haisogezwi mgeni akija kana kwamba ni takataka. Na nikisema niko kwenye mshono, anayetaka chumvi ajitafutie chumvi. Baba watoto ndiye aliyeipigia msumari ile rafu ya vitambaa, na ndiye anayeipaka mafuta cherehani kila mwisho wa mwezi. Namtaja mbele yenu kwa heshima, kwa sababu mfarishi ule pale mezani una mkono wake.

Na ukiuza, hesabu saa zako. Andika kwenye daftari, hata robo saa. Mteja anayelinganisha mfarishi na blanketi la dukani mwonyeshe daftari hilo kwa upole. Akikataa, mwache aende kwa amani. Kama ni zawadi, iwe zawadi kamili. Ile bei ya nusu, ambayo si zawadi wala si malipo, ndiyo inayowakatisha tamaa mafundi wetu wengi.

Niwaambie pia kuhusu ndugu zetu ambao huenda hamjawasikia. Huko India, katika jimbo la Karnataka, kuna watu waitwao Siddi, wenye asili ya Afrika, waliofikishwa bara lile karne nyingi zilizopita, wengi wao kama watumwa, kwa kuvuka bahari hii hii yetu. Wanawake wao hushona mfarishi unaoitwa kawandi. Hawaungi uso kwanza kama mimi. Huanza pembeni, huweka kipande juu ya kipande, wakizunguka kwa mishono ya bandi, ile ya sindano kuingia na kutoka kwa mstari, mzunguko hadi mzunguko, mpaka wafike katikati, na wakati huo tabaka zote zimekwisha kushikana. Kwenye pembe nne huongeza kipande kilichokunjwa pembe tatu, wanakiita phula, na kwao mfarishi usio na phula haujavaa vizuri. Nilipoona kazi yao kwa mara ya kwanza nilitulia nikaitazama muda mrefu. Kitindamimba na mimi tumeanza mdogo kwa njia hiyo, wa kumfunika mdoli wake. Kwa nyumba ndogo njia ya Wasiddi ina hekima kubwa, kwa sababu kazi inakaa mapajani. Haihitaji sakafu.

Yangu inahitaji, na hapo ndipo ombi langu lilipo.

Uso wa mfarishi ukishaungwa, kuna hatua moja isiyofanyika mapajani wala mezani. Bitana hutandikwa chini, upande mzuri ukitazama sakafu, ikavutwa ikanyooka bila kuchanika na kubandikwa utepe pande zote. Juu yake pamba, ikalazwa kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Juu ya pamba uso. Kisha watu hupiga magoti kuzunguka, wakapiga bandi mistari mirefu, kila mstari ukianzia katikati, ili hewa na mikunjo isukumwe pembeni. Ukiruka hatua hiyo, au ukiifanya vipande vipande, bitana itajikunja ndani na utaigundua mishono yote ikiwa imekwisha kupita.

Mfarishi wa futi sita kwa saba unataka sakafu ya futi tisa kwa kumi iliyo tupu. Nani kati yetu ana sakafu hiyo? Chumba cha kupangisha hapa mtaani ni futi kumi kwa kumi, na ndani yake mna kitanda, kochi, jiko na maisha. Mimi huhamisha viti vyote hadi kwenye ngazi, jirani wakaruka wakipita, nikamaliza kabla watoto hawajarudi. Tumejaribu darini pale juu tunapoanika nguo. Upepo huinua pamba, na vumbi la barabara hukaa kwenye bitana nyeupe. Najua akina mama watano katika ukumbi huu walio na nyuso zilizokwisha kuungwa, zimekunjwa kabatini, kwa kukosa sakafu tu. Mmoja wao ameukunja wake tangu mjukuu yuko tumboni, na sasa mjukuu anatembea.

Mwenyekiti, sakafu ya ukumbi huu ni pana, ni laini, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi haina kitu kuanzia saa nane mchana hadi kwaya inapoingia saa kumi na moja. Tunaomba saa hizo tatu. Tutapiga deki kabla na baada, kwa maji yetu wenyewe. Viti tutavipanga tulivyovikuta. Tutapita sakafu yote na sumaku kuokota pini, maana watoto hucheza hapa bila viatu, na nitaisimamia kazi hiyo mimi mwenyewe. Hatuhitaji stima wala vipaza sauti. Kijana yeyote anayetaka kujifunza aje, mvulana au msichana, tutampa sindano. Atakayekuja kupiga magoti leo, mwezi ujao sisi tutapiga magoti kwenye wake.

Kamati ikikubali, mfarishi wa kwanza kutandikwa utakuwa wa leso. Mwenye leso ameshaomba ruhusa ya kazini siku hiyo, na dada zake wawili wanapanda gari kutoka Mombasa Ijumaa usiku, kwa sababu wanataka kupiga bandi ya katikati wao wenyewe. Merikani ya bitana imefuliwa tayari. Pamba imenunuliwa. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, narudisha kipaza sauti kwako, nami niko tayari kwa maswali.